Mama wa Houston anauliza: taarifa zangu zinauzwa, je, nina haki gani Texas?

Swali

«Mwanangu, assalaam alaykum. Mimi ni mama wa miaka 61, mzaliwa wa Tanga. Huu ni mwaka wa sita niko Houston kwa binti yangu, kwa kadi ya kijani. Kila siku napigiwa simu na watu wanaonitaja majina yangu yote matatu na mtaa ninaokaa, mara wananiuzia bima, mara paneli za jua. Bima ya gari imepanda na wala sijagonga hata kuku. Mpwa wangu wa California ananiambia kwao mtu anadai taarifa zake zifutwe na zinafutwa, lakini Texas hakuna kitu. Na shoga yangu wa msikitini kanionya kuwa haki hizo ni za raia, mgeni ukijitokeza unajianika mwenyewe, bora nikae kimya. Je, ninayo haki au sina? Kama ninayo, naanzia wapi na Kiingereza changu hiki cha kuokoteza? Halafu nina mjukuu wa miaka 9, tableti haimtoki mkononi.»

Jibu

Wa alaykum salaam, na shikamoo mama.

Haki unayo. Mpwa wako angekuwa sahihi kama angeyasema hayo miaka michache iliyopita. California walitangulia: sheria yao ilipitishwa mwaka 2018 na ikaanza kazi Januari 2020. Texas walikaa bila sheria ya namna hiyo mpaka Juni 2023, gavana alipotia sahihi sheria ya faragha na usalama wa taarifa, nayo ikaanza kutumika Julai 1, 2024. Sheria hiyo inamlinda mtu binafsi ambaye ni mkazi wa Texas, katika mambo yake mwenyewe na ya nyumbani kwake. Uraia haukuwekwa kuwa sharti. Unaishi Houston, basi wewe ni mkazi, na haki anayoidai jirani yako aliyezaliwa hapo hospitali ya mtaa wa pili ndiyo hiyo hiyo unayoidai wewe.

Uhamiaji umetajwa mahali pamoja tu, na umetajwa kwa faida yako. Sheria inazo taarifa inazoziita nyeti: asili ya mtu au kabila lake, dini yake, ugonjwa aliopimwa nao, uraia au hali yake ya uhamiaji, alama za vidole na za uso, taarifa za mtoto, na mahali hasa alipo kwa umbali usiozidi futi 1,750, yaani kama nusu kilomita. Taarifa hizo, kampuni hairuhusiwi kuzishughulikia mpaka uikubalie. Na ikiwa inaziuza, lazima iweke tangazo la wazi kwa maneno haya: «NOTICE: We may sell your sensitive personal data.» Maana yake, tunaweza kuuza taarifa zako nyeti. Ukiyakuta maneno hayo mahali, funga ukurasa kwanza, kisha umwite binti yako.

Sasa nije kwa shoga yako, maana woga wake naujua na siucheki. Tulikotoka sisi, ukisikia ofisi inakutafuta unauliza kwanza umekosa nini. Ila yeye anadhani taarifa zako zimefungiwa kabatini, na kwamba ukinyanyua mkono ndipo kabati litafunguliwa. Kabati lilishafunguliwa zamani, mama. Novemba 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kuwa Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na kibla iliyo kwenye simu za mamilioni ya Waislamu, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa dalali wa taarifa aitwaye X-Mode, ambaye naye alikuwa akiwauzia wakandarasi wa jeshi. Wenye programu walisema wamekata uhusiano huo. Januari 2024 tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, ikaizuia X-Mode na kampuni iliyoirithi kuuza taarifa za mahali nyeti. Kabla ya hapo, mwaka 2023, mkaguzi mkuu wa Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani alikuwa ameshatoa ripoti kwamba vyombo vya wizara hiyo, watu wa uhamiaji wakiwemo, vilitumia taarifa za mahali walipo watu zilizonunuliwa madukani kama bidhaa, bila kufuata taratibu za faragha walizopaswa kuzifuata.

Kwa hiyo kukaa kimya hakukufichi. Anayekaa kimya ndiye ambaye bidhaa yake inaendelea kuuzwa. Na ukidai haki yako, barua yako inakwenda kwa kampuni, haiendi serikalini. Hutaji kadi ya kijani, hutaji viza, na hakuna anayetakiwa kukuuliza. Kuna sehemu moja tu ya safari hii inayogusa ofisi ya serikali, nitaitaja tukifika.

Hao wanaokupigia wamekupataje? Yupo dalali katikati. Wewe unamjua dalali wa viwanja na dalali wa magari, huyu ni wa watu. Anaokota kumbukumbu za umma za nyumba na mahakama, kadi ya pointi ya supamaketi, fomu uliyojaza ukitafuta bei ya bima, programu ya bure ya simu, anaunga vipande hivyo mpaka anapatikana mtu mzima mwenye jina, mtaa, umri na gari, kisha anauza orodha. Hapo kwenye fomu ya bei ya bima ndipo ningeweka dau langu, kwa jinsi unavyozieleza hizo simu. Texas ina sheria nyingine ya mwaka 2023 inayowataka madalali hao wajiandikishe kwa Katibu wa Jimbo. Orodha yao iko wazi mtandaoni, na binti yako anaweza kuifungua leo jioni.

Haki zenyewe ni hizi. Unaweza kuiuliza kampuni kama ina taarifa zako na ukataka kuziona. Unaweza kudai makosa yarekebishwe, upewe nakala, au taarifa zifutwe, ziwe ulizotoa mwenyewe au walizokusanya kwingine. Na unaweza kukataa mambo matatu: zisiuzwe, zisitumike kukufuata na matangazo kutoka tovuti moja hadi nyingine, na mashine isikuchambue ili kukutolea uamuzi mzito kama wa mkopo, nyumba au kazi. Kuuza hapa si lazima fedha taslimu ipite. Kampuni ikibadilishana taarifa zako kwa kitu kingine chenye thamani, hiyo nayo ni kuuza.

Watu wengi wakishajua hivyo hukimbilia kufuta. Mimi nakushauri uwatenganishe. Kwa duka unalolitumia kila wiki, kataa kuuza tu, maana ukidai kila kitu kifutwe utapoteza pointi zako na kumbukumbu za risiti, halafu Jumamosi utarudi na utaandikwa upya. Kwa dalali ambaye hujawahi kununua kwake hata pipi, dai kufutwa bila huruma. Usihofu kwamba akikufuta atakuokota tena kesho: sheria inamruhusu abaki na kumbukumbu ndogo ya ombi lako, kwa kazi hiyo moja tu ya kuhakikisha hurudi kwenye daftari lake.

Namna ya kudai. Teremka mpaka chini kabisa ya tovuti ya kampuni utafute maneno «Your Privacy Choices» au «Do Not Sell or Share My Personal Information». Ndiyo mlango huo. Kampuni inatakiwa kukuwekea njia zisizopungua mbili za kuomba, na hairuhusiwi kukulazimisha ufungue akaunti mpya ndipo ikusikilize. Usipouona mlango, andika barua pepe. Mimi nakuandikia kwa Kiswahili ili ujue unachotia sahihi, binti yako aiweke kwa Kiingereza:

«Mimi ni mkazi wa jimbo la Texas. Kwa mujibu wa sheria ya Texas ya faragha na usalama wa taarifa, naomba mambo matatu: mnieleze taarifa zangu binafsi mlizonazo, mzifute zote, na msiziuze wala kuzitumia kwa matangazo ya kunilenga. Nawaandikia kwa anwani hii ya barua pepe mnayoitambua. Nasubiri jibu ndani ya siku 45.»

Tarehe, jina, basi. Usieleze historia ya maisha yako. Kampuni ina haki ya kuhakikisha kuwa ni wewe, na kwa kawaida inatosha uthibitishe barua pepe au namba ya simu waliyonayo. Akitokea wa kudai picha ya pasipoti au namba ya hifadhi ya jamii kwa jambo dogo kama hili, simama. Muulize kwa maandishi kama hakuna njia nyingine. Haiingii akilini mtu akutake umpe taarifa mpya nyeti ili akufutie za zamani, lakini nimeona ikifanyika.

Siku 45 ni za sheria, na kampuni inaweza kuongeza 45 nyingine ikikuambia sababu kabla za kwanza hazijaisha. Huduma ni bure mara mbili kwa mwaka. Wakikukatalia lazima waseme kwa nini, na wakuoneshe jinsi ya kukata rufaa kwao wenyewe. Rufaa hiyo nayo ina siku 60 za kujibiwa. Wakishikilia hapana, wanatakiwa wakupe njia ya kupeleka malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa Texas. Hiyo ndiyo sehemu niliyokuahidi. Malalamiko yanayofika ofisi ya umma yanaweza kuombwa na watu wengine chini ya sheria ya jimbo ya uwazi wa nyaraka, kwa hiyo humo andika habari ya kampuni na tarehe tu. Mambo ya viza, ya maradhi na ya familia yaache nyumbani.

Kuhusu Kiingereza, sheria inakuruhusu kumteua mtu akukatalie kuuza na matangazo kwa niaba yako, na binti yako anafaa. Kwa kuona na kufuta, ombi liende kwa jina lako na kwa barua pepe yako, yeye awe mikono tu ya kuchapa.

Ipo na njia ya mkato ambayo wengi hawaijui. Kuna ishara ambayo kivinjari, yaani programu unayofungulia tovuti, hupeleka kwa kila tovuti unayoingia, ikisema mwenye kifaa hiki hataki taarifa zake ziuzwe. Inaitwa Global Privacy Control. Kwenye Firefox unaiwasha kwenye mipangilio ya faragha, Brave inakuja ikiwa imewashwa tayari. Tangu Januari 1, 2025 sheria ya Texas inazitaka kampuni ziiheshimu, ingawa imeziachia upenyo zile zisizo na uwezo wa kuipokea au zisizoifuata kwa jimbo jingine lolote. Zile kubwa zinaifuata kwa ajili ya California, hivyo kwako hazina pa kujificha. Ni dakika moja ya kazi, fanya hilo kwanza kabla ya barua yoyote.

Kisha chukua simu yako, fungua ruhusa za mahali ulipo, pitia programu moja moja. Ya sala inahitaji kujua uko Houston, haihitaji kujua uko chumba gani. Izimie mahali hasa ulipo, ibakie na makadirio. Tochi na gemu la karata hazihitaji kujua lolote.

Sitakuficha kwamba sheria hii ina meno machache. Huwezi wewe mwenyewe kuishtaki kampuni mahakamani kwa sheria hii, ni Mwanasheria Mkuu peke yake. Faini inafika dola 7,500 kwa kila kosa, lakini kabla ya kushtaki anatakiwa kuipa kampuni siku 30 ijirekebishe, na kipengele hicho hakina tarehe ya kwisha. Kwangu mimi huo ni upole uliozidi. Biashara ndogo nazo ziko nje, isipokuwa haziruhusiwi kuuza taarifa nyeti bila idhini yako, kwa hiyo bucha lako la halali usilisumbue. Nje pia wako serikali, benki, hospitali, vyuo vikuu, mashirika yasiyo ya faida pamoja na msikiti wenu, na mwajiri kwa habari za kazi yako. Usidhani hao hawana sheria. Hospitali na benki zina sheria zao za serikali kuu. Ni kwamba barua niliyokuandikia hapo juu hazitaijibu.

Na hapo ndipo bima yako inapoangukia, mama, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Agosti 2024 Mwanasheria Mkuu wa Texas aliishtaki General Motors, akidai kuwa magari yake yalikuwa yakirekodi jinsi watu wanavyoendesha, wanavyokanyaga breki na saa wanazotoka, na taarifa hizo zikauzwa. Januari 2025 ikafuata kampuni ya bima Allstate na kampuni yake tanzu Arity. Madai ni kwamba walilipa watengenezaji wa programu za simu wapachike ndani yake kipande cha kurekodi mwendo, na mwenye simu hajui, kisha taarifa za watu zaidi ya milioni 45 nchini Marekani zikatumika na kuuzwa katika biashara ya bima. Hiyo ndiyo kesi ya kwanza kufunguliwa chini ya sheria hii tunayoizungumza. Mwezi huo huo FTC nayo ikatangaza makubaliano ya kuizuia General Motors kwa miaka mitano kupeleka taarifa za madereva kwa kampuni zinazotengeneza ripoti za watu.

Sisemi kwamba bima yako imepanda kwa sababu hiyo. Houston bei zinapanda kwa mvua ya mawe, kwa mafuriko, kwa wizi, kwa msimbo wa posta tu. Lakini unaweza kujua. Usimwandikie mwenye bima, yaani kampuni inayokukatia, barua ya sheria ya Texas, maana atakujibu kuwa yeye ni taasisi ya fedha na sheria imemtoa. Tumia ya serikali kuu, ile ya ripoti za mikopo ya mwaka 1970. Kwa sheria hiyo, mwenye bima akikupandishia bei kwa kutegemea ripoti aliyonunua, anatakiwa kukutumia notisi inayotaja aliyemuuzia. Rudi kwenye bahasha zote walizokutumia, hata zile ulizodhani ni matangazo. Ukiipata notisi, una siku 60 za kumwomba huyo muuzaji nakala bure. Usipoipata, bado unaweza kuomba LexisNexis Risk Solutions, mojawapo ya kampuni zinazotengeneza ripoti za watu, ripoti yako, bure mara moja kila miezi 12. Humo utakuta madai ya bima yaliyoandikwa kwa jina lako, na taarifa za uendeshaji kama zipo. Soma mstari kwa mstari. Wenye majina kama yetu huchanganywa sana: Fatuma Ali wa Houston hayuko mmoja. Ukikuta ajali isiyo yako, ipinge kwa maandishi, na kwa kawaida wana siku 30 za kuichunguza. Ikifutwa, peleka jibu lao kwa mwenye bima na udai akupigie hesabu upya.

Mjukuu. Mtoto aliye chini ya miaka 13 ana kinga mbili, ya Texas na ya serikali kuu, na zote zinataka idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa zake. Angalia neno mzazi. Bibi, hata kama ndiye unayemlea kutwa nzima, huna mamlaka hayo mpaka uwe mlezi kisheria, kwa hiyo barua ya mjukuu iandikwe na binti yako. Na kama tableti ilifunguliwa kwa akaunti yako, kwa kampuni za magemu huyo anayecheza ni mama wa miaka 61. Mfungulieni akaunti ya mtoto, ndipo kinga hizo zianze kufanya kazi.

Mpwa wako mwambie asikuringie, ila ana kitu kimoja ambacho wewe huna. Tangu Januari 2026 wakazi wa California wana ukurasa mmoja wa serikali ambapo mtu anaomba mara moja afutwe kwa madalali wote waliojiandikisha huko, na madalali wanatakiwa kuanza kuyashughulikia maombi hayo Agosti 1, 2026. Texas bado ni mmoja mmoja. Usijaribu kuutumia kwa anwani yake. Ukazi wa kuazima ni uongo kwenye fomu ya serikali, na mtu wa kadi ya kijani hachezi na hilo.

Zile simu hazitakoma kwa barua hizi peke yake. Andikisha namba yako kwenye orodha ya kutopigiwa ya serikali kuu, donotcall.gov, bure. Wafanyabiashara wa kweli watapungua, matapeli hawatapungua, ila angalau utawatofautisha. Na akikupigia mtu akisema atakufutia taarifa zako kwa dola kadhaa, mkatie.

Jumamosi hii washa ile ishara kwenye kivinjari, zima mahali ulipo, kisha tumeni barua tatu tu: kwa dalali mkubwa mmoja kutoka ile orodha ya jimbo, kwa tovuti uliyojazia fomu ya bima kama unaikumbuka, na ya ripoti yako LexisNexis. Kwa zile mbili za kwanza, binti yako azungushie kalamu siku ya 45 kwenye kalenda ya jikoni. Siku ya 46 ikifika kimya, niandikie tena uniambatanishie nakala.